Mwanangu, Koma

Kwenye duka la kuchapa ninakofanya kazi, Mchafukoge, skrini ya kompyuta yangu huwa imezimwa. Sina kazi nayo. Sioni tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na kipanya nilimpa mwenzangu wa meza ya pili siku ileile niliyoajiriwa. Natumia kibodi na hedifoni: kila ninachokiandika, programu inanisomea sikioni, kwa mwendo ambao mtu mwingine akisikiliza atadhani ni redio iliyoharibika. Wateja wanaosimama nyuma yangu, wakiona skrini nyeusi na vidole vinakimbia, huwa wanaguna. Wengine wanahamia kwa mwenzangu. Siwalaumu, ila nawasikia.

Mama mmoja wa Kichaga, muuza vitenge wa jumla Msimbazi, hakuguna. Alivuta stuli akakaa, akaanza maswali mpaka nikasahau kazi. Hiyo sauti ni ya mwanamume au ya mwanamke? Nikikosea herufi moja, najuaje? Nikitaka kurudi juu ya ukurasa, napandaje? Nilimpenda hapohapo, maana wengi huniuliza macho yaliharibikaje, hawaniulizi kazi naifanyaje. Nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Kwa hiyo wewe unasoma kwa masikio," akasema mwishowe.

Nikamjibu ndiyo. Akaisogeza stuli karibu na kushusha sauti. "Mimi hata kwa macho sijui kusoma, mwanangu. Na kwangu hakuna anayeijua siri hii."

Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kamati ilishampangia mama asome hotuba yake ukumbini. Nilimwambia si aseme tu kwa kichwa, mbona wengi hufanya hivyo. Akasema mama mkwe wa binti atasoma, shangazi atasoma, yeye peke yake asimame mikono mitupu? Kwa miaka yote alijifunza kutia saini, kushika gazeti na kufungua Biblia kanisani kwa kumchungulia jirani. Akiumbuka mbele ya wakwe, bora asiende kabisa. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu.

Alisema, nikaandika. Halafu nikairekodi ile sauti ya kompyuta ikisoma hotuba nzima, nikamtumia kwenye simu ili ajifunze taratibu akiwa dukani kwake. Kesho yake alirudi amenuna, akataka kujua kwa nini mashine yangu inamgombeza mwanawe. Nikaweka simu sikioni.

"Mwanangu koma mpenzi wangu koma leo unaondoka nyumbani..."

Nilicheka mpaka mwenzangu akasimama kuja kutazama. Ninapohakiki kazi, huwa naiachia sauti itaje kila alama, na mkato inauita kwa Kiingereza, koma. Mimi nimekemewa hivyo kutwa nzima kwa miaka, sisikii tena. Mama wa watu alikuwa amekaa jioni nzima akijiuliza binti yake amekosa nini. Nikazima alama, nikapunguza mwendo, nikarekodi upya.

Tangu hapo alikuja kila mchana. Tuliingia stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, akanisomea. Mwanzoni aliongea kama ile mashine, bapa, hapandi wala hashuki, mpaka nikamwambia sasa ameijua vya kutosha na anaweza kuisema kwa sauti yake. Nilimkumbusha pia ainamishe macho kwenye karatasi kila baada ya maneno machache. Akanijibu kwamba hilo analijua kuliko mimi.

Ijumaa jioni nikaichapa, nikaitoa kwenye printa, nikaitia kwenye bahasha yenye jina la duka letu. Akanishika mikono yote miwili, akaondoka.

Jumatatu binti mwenyewe akaja. Alinisalimia vizuri, akajitambulisha, akasema mama yake alisoma hadi ukumbi mzima ukalia, na kwamba yeye aliichukua ile karatasi ili aiwekee fremu. Kisha akanisomea.

"Masharti ya duka. Moja, mali ikishauzwa hairudishwi. Mbili, kiatu kinajaribiwa mguu mmoja tu."

Yale yalikuwa masharti ya muuza viatu wa Mchikichini, aliyachapa mwenzangu jioni ileile kwa printa ileile. Kurasa mbili zilitoka pamoja, nikachukua ya juu. Mimi nisingeweza kujua, na niliyemkabidhi asingeweza kujua. Nikaomba radhi, nikasema kosa ni langu, la printa.

"La printa nimelielewa," akasema. "Ila aliishika hii, akasoma dakika tano bila kukwama."

Nilikuwa nimeapa, na uongo wa kufaa haukuja. Akakaa kwenye stuli.

"Ripoti zangu zote za shule nilimpelekea yeye. Anapitisha kidole taratibu mpaka chini, halafu ananiambia, hapa kwenye hesabu ongeza bidii. Kila muhula." Akavuta pumzi. "Dada, kwenye hesabu nilikuwa naongoza darasa."

Nilidhani atacheka, na mimi nilikuwa tayari kucheka naye. Alilia. Alipotulia aliniomba hotuba yenyewe. Nikaichapa, akaihakiki mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, nami nikaifuatilia kwa kichwa kwa sababu nilikuwa nimeikariri kama mama yake. Akasema hiyo ndiyo ataiwekea fremu na kuitundika sebuleni kwa mama.

"Asijue kwamba najua," akasema.

Nikaapa tena, mara ya pili kwa familia ileile.