Mlango Uliomfungia Baba Mkwe

Kazi yangu ni kufundisha mambo ya mbao katika chuo kimoja hapa Morogoro. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba mbao imejengwa kwa selulosi, na selulosi ina uroho wa maji. Hewa ikiwa na unyevu, selulosi inauvuta na kuushika, mbao inavimba. Hewa ikikauka, inauachia, mbao inasinyaa. Naeleza vizuri sana. Nyumbani kwangu nikaweka mlango wa choo wa mkaratusi mbichi.

Fundi alinishauri ningoje mbao zikauke. Nikamwambia hilo ni somo langu. Kufika Septemba mlango ulikuwa umesinyaa, mke wangu akalalamika kwamba aliye chooni anaweza kupiga soga na aliye sebuleni. Nikamwita fundi, akaongeza kipande ubavuni. Alitaka kusema neno, nikawahi kumshukuru.

Masika ilipoanza, mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Ndipo baba mkwe akashuka kutoka Kinole, kule milimani, na furushi la mdalasini wa shambani kwake. Nikamwamkia, akanywa chai, akaomba kuonyeshwa choo. Mlango ulikuwa mgumu kufunga, akausukuma kwa bega kutoka ndani. Ukafungika, na haukufunguka tena.

Alivuta mpaka kitasa kikambakia mkononi. Mimi niliogopa kuuvunja, maana chumba ni kidogo na ungemwangukia. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hata mezani, sembuse akiwa chooni, na kwa kukosa la kusema nikaanza kumfundisha. Nilimweleza selulosi yote, mvuke wa hewani, nyuzi na kuvimba kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo maji huwa yanatoka lini?" akauliza.

"Mwezi wa sita, baba."

Akainama. Kisha akasema, "Chini ya mlango naona mwanga. Nipitishie bisibisi."

Nikaona aibu. Mbao huvimba kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki kabisa. Uwazi wa chini ulikuwa vilevile, na hilo huwa naliuliza kwenye mtihani. Nikapitisha bisibisi. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika.

Mzee akafungua skrubu za bawaba, zilizokuwa upande wake, akaubandua mlango taratibu, akauegemeza ukutani. Akanawa mikono, akaomba chai nyingine. Akaniambia magome ya mdalasini hujikunja mbele ya macho yake kila yanapoanikwa, kwa hiyo ameshaona maji yanavyofanya. Mimi nilikuwa nimeshatoa randa nipunguze mlango. Akanizuia: nikiuranda ukiwa umevimba, kiangazi nitarudi kulekule.

Tukatundika pazia hadi mvua ziishe.

Juma lililofuata nilitoa mfano huo darasani. Mwanafunzi mmoja akauliza ni mjinga gani alitumia mbao mbichi mahali pa unyevu vile. Nikamjibu kuwa ni jirani yangu.