Michembe ya Mke wa Mwalimu

Miaka ile ya hamsini, familia ngeni ikileta mtoto shuleni kwetu, nje kidogo ya Bariadi, sisi kina mama tuliipelekea kikapu cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Zamu yangu ilipofika, mgeni alikuwa mke wa mwalimu, mtu wa pwani. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka nikaona haya.

Siku chache baadaye mwanangu akarudi na swali: “Mama, mwalimu anauliza, ile dawa yako inatibu nini?”

Kumbe yule mama alikuwa akichemsha michembe, anawanywesha watoto maji yake, halafu viazi anawamwagia kuku!

Nilipandwa na hasira. Viazi nilivyomenya kwa mikono yangu! Nikachukua karanga za kusaga, nikaenda kumfokea na kumfundisha. Lakini nilipowaona kuku wake walivyonona, nikaangua kicheko. Tukapika pamoja, akala, akawatazama kuku kwa wivu.

Familia nyingine ilipohamia, yeye ndiye aliyetangulia mlangoni na kikapu.

“Karibuni sana,” akawaambia. “Na kuku wasionje.”