Dole Chini ya Maji

Julai ile Ruti aliiacha kahawa ya marehemu mama yao ikiiva mitini kule Iyula, Mbozi, akafunga safari kwenda kisiwani Mafia kumrudisha mdogo wake, Lusungu, nyumbani. Mama alikuwa amefariki wakati wa masika, na tangu matanga yaishe nyumba ilikuwa imefungwa. Ruti hakuweza kuhamia huko. Alikuwa na kibanda chake cha vitenge Tunduma, karibu kabisa na mpaka, na watoto wake walisoma hukohuko. Watoto wa mama walikuwa wao wawili tu. Lusungu asiporudi, nyumba ingepata watu wengine, na jiko walilokulia, lenye ukuta uliong'aa kwa masizi na benchi la kuotea moto, lisingekuwa lao tena.

Lusungu kazi yake ilikuwa kuwazamisha wageni baharini waone matumbawe. Iyula hakuna aliyewahi kuielewa kazi hiyo. Mama alipoulizwa na akina mama wenzake kanisani, alijibu, "Anaogesha Wazungu," nao wakaguna kwa huruma.

"Nyumba inanuka popo," Ruti alimwambia asubuhi ya kwanza, wakinywa chai. "Nyumba ya mama, Lusungu."

"Najua, dada."

"Unajua, halafu?"

Lusungu aliikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Tangu utotoni alikuwa mtu wa taratibu. Nyumbani walimtania kwamba akitumwa moto, unafika majivu. "Twende kwanza ukaone ninakofanyia kazi," alisema mwishowe. "Tukitoka huko ukiniambia nirudi, nitarudi. Sitabisha."

Wakaenda. Ruti alikuwa amekuja na masweta mawili, maana Julai ya Mbozi anaijua. Asubuhi mtu akiongea, mdomo unatoa moshi. Huku baridi yenyewe ilikuwa upepo tu. Akavua masweta, akavishwa suti ya mpira iliyombana hadi akacheka, akabebeshwa mtungi wa hewa. Nahodha wa boti akamtazama anavyoing'ang'ania ngazi.

"Nyie watu wa bara, simba hamuogopi, mnaogopa maji?"

"Simba namwona anakotokea," Ruti akajibu.

Aliingia majini, lakini kuzama hakuzama. Lusungu alimvuta chini, akaibuka. Akamvuta tena, akaibuka tena, miguu juu.

"Buni mbovu hiyo!" Lusungu akapiga kelele. "Inaelea! Itupeni!"

Ruti alicheka mpaka akameza maji. Ilikuwa sauti ya mama kabisa. Kwao kahawa ikishachumwa humwagwa kwenye maji. Nzima zinazama, zilizo tupu zinaelea na kuenguliwa. Julai kama hii walikuwa wakiengua pamoja, watatu, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya mtoni, na mtoto aliyetegea kazi aliitwa buni mbovu siku nzima. Nahodha aliuliza kulikoni. Lusungu akaongeza vipande vizito vya risasi kwenye mkanda wa dada yake, na safari hii wakashuka.

Chini kulikuwa kimya. Ruti alizoea honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alisikia pumzi yake mwenyewe. Samaki wa manjano walipita karibu na miwani yake bila kumjali. Lakini alichokitazama zaidi ni Lusungu. Mdogo wake hakuharakisha kitu. Aligeuka taratibu, akamshika mkono taratibu, akasubiri woga wake utulie ndipo wasogee. Utaratibu uleule uliomfanya achapwe shambani, hapa ndio uliomfanya Ruti asife kwa hofu. Nyumbani, Ruti alifikiri, hatukuwahi kumpa kazi inayotaka asubiri.

Kasa akapita. Lusungu akamtazama dada yake usoni, kama anayeuliza. Ruti akainua dole gumba.

Pale Tunduma, malori yakinguruma na mteja yuko ng'ambo ya barabara, maneno hayafiki. Mnabishana bei kwa vidole, na ukiinua dole umekubali, hurudi nyuma. Ruti aliliinua hivyo, juu kabisa, mkono umenyooka.

Lusungu akamkamata kwapani, akaanza kumpandisha. Ruti akatikisa kichwa, akaonyesha dole tena kwa nguvu. Wakazidi kupanda, polepole, hadi vichwa vikatoka juani.

"Umeumia wapi? Masikio?"

"Nani kaumia? Mbona umenitoa?"

"Si umeniambia tupande! Dole ni kupanda, dada! Nimekufundisha pale ufukweni, ukawa unaitikia tu!"

"Mimi nimekwambia nimekubali."

"Umekubali nini?"

Wimbi likawainua, likawashusha. Chini kule ilikuwa rahisi. Sasa ilibidi neno lisemwe kwa mdomo.

"Ukae," Ruti alisema. "Kaa hukuhuku."

Lusungu alivuta miwani yake kutoka usoni, macho yamekuwa mekundu.

"Na nyumba?"

"Tutampa Tumpale." Alikuwa mtoto wa baba yao mdogo, ameoa juzi, anaishi kwa wakwe. "Ataingia na mkewe."

"Atabadilisha kila kitu yule."

"Atabadilisha."

Wakashikana mikono, wakielea, bila kutazamana. Ruti aliliona jiko, akaona mlango wake ukipakwa rangi asiyoichagua yeye.

"Jamani, mnapanda au mnashuka?" nahodha akaita.

"Tunashuka," Ruti akasema. "Sijamaliza kuona."

Lusungu alirudisha miwani usoni, kisha akaivua tena. "Mwambie Tumpale asing'oe ile migomba ya nyuma ya jiko."

"Nitamwambia," alisema Ruti, akijua kwamba Tumpale angeing'oa.