Shibiri Moja Kutoka Kifuani

Simu ilikuja kutoka Maskati ndani ya boksi jeupe, imezungushiwa mashuka mawili ya zawadi ya mama. Kaka yangu alimpa mtu aliyekuwa anarudi, na mtu huyo, Mungu ambariki, akaileta mpaka mlangoni kwetu Chake, Pemba. "Yako hiyo," kaka aliniambia kupitia kisimu changu cha batani, "lakini hasa ya mama, niwe namuona kila siku." Nikashukuru. Sikuwa nimefahamu bado kwamba nimeletewa kamba.

Niliporudi kwa mama baada ya kuachika, nilisema nakaa wiki mbili. Mwaka wa tisa huu. Moyo wake ulianza kupiga unavyotaka wenyewe, akapelekwa bara, akatiwa kifaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga wa kushoto, cha kuyashika mapigo yasipotee. Nyumbani tunakiita betri. Tangu hapo nafasi ya kufundisha skuli ya kisiwani Fundo niliikataa, na hata nikitaka kwenda Gombani, hapo jirani tu, kwa shoga yangu, mama huniuliza narudi saa ngapi kabla sijavaa viatu. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na yangu ilikuwa inaishia Gombani.

Basi tukaifungua simu sebuleni, mama yuko kwenye mkeka, mimi kwenye kiti. Kila ukurasa ulitaka nikubali kitu. Mimi si mtu wa kukubali nisichokisoma, nilifundisha miaka kumi na saba. Nikasoma. Mama akaswali adhuhuri, akala, akalala, akaamka, mimi bado nasoma.

"We mtoto, weye hata karatasi ya sabuni waisoma," akasema. "Kubali tu, nimuone mwanangu."

Ilipofika mahali pa kuandikisha sura, ikanitaka nigeuze kichwa polepole kulia, kisha kushoto. Nikageuza. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akauliza, "Na yangu?" Nikamwambia yake baadaye.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha usalama chenye maandishi madogo kama chawa. Lugha chungu nzima, Kiswahili hakimo. Nilisoma Kiingereza, na pale nisipoelewa nikachungulia Kiarabu. Kilisema simu hutoa mawimbi, imepimwa na haikupita kiwango kilichowekwa, ila ilipopimwa iliachwa nafasi ndogo baina yake na mwili. Nikacheka peke yangu. Nani hapa Pemba anaacha nafasi? Sisi wanawake kifua ndilo sanduku letu: funguo humo, noti humo, tasbihi humo, na simu humo, upande wa kushoto, ili mkono wa kulia uifikie.

Kisha nikafika kwenye sumaku, na kicheko kikanikauka. Simu ina sumaku ndani yake. Mwenye kifaa cha moyo asiiweke karibu na kifaa hicho, ikae mbali sentimita kumi na tano au zaidi. Nilimpigia nesi wa kliniki ya moyo. Akasema ni kweli, sumaku inaweza kuibabaisha ile betri, hasa simu ikilazwa juu yake. "Mwambie aitumie kwa sikio la kulia, na asiitie kifuani hata mara moja."

Nilimpimia mama kwa mkono, kidole gumba kifuani kwake, vidole vingine hewani. "Mama, shibiri nzima. Isipungue."

"Yaguju!" akanibeza. "Simu ya mwanangu niikimbie kama nyoka? Miye kifua changu nakijua."

Nilijua hatanisikiliza. Kwa hiyo sura yake sikuiandikisha, si siku hiyo wala baadaye. Simu ilifunguka kwa sura yangu tu. Nilijiona mjanja, kumbe nimejifungia mwenyewe. Kaka akipiga asubuhi, lazima niwepo. Akipiga mchana, lazima niwepo. Mimi ndiye niliyeishika simu mkono umenyooka, wao wanazungumza habari za wajukuu, bega linaniwaka moto, na mimi simo hata katika picha. Nikishusha mkono kidogo kaka analalamika, "Simuoni mama, inua!" Siku moja nilimwambia nataka kwenda harusini Kisiwa Panza, siku tatu tu. Akasema, "Na simu atamshikia nani?" Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mimi ilinichapa vizuri sana. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira juu ya muhogo.

Wala mama hakuwa na raha. Alikuwa akiiangalia simu mkononi mwangu kama mtoto anavyoiangalia halua ya wageni. "Waninyima mwanangu," aliniambia. Nikamwambia, "Na wewe unaninyima dunia." Nilijuta, ila nilikuwa nimeshasema.

Kisha siku moja, baada ya alasiri, niliingia kuoga, simu nimeiacha dirishani inachaji. Kaka akapiga. Kumbe kupokea hakutaki sura ya mtu, ni kuburuta kidole tu, na hilo katika kusoma kwangu kote sikuliona. Niliwasikia wakizungumza, nikaharakisha kujimwagia maji, halafu pakawa kimya.

Nilipotoka, kanga kifuani, maji yananitiririka, nikamkuta mama amekaa chini, mgongo ukutani, macho nusu. Jasho limemjaa usoni na midomo imepauka. Waya wa chaji unaning'inia mtupu. Na kifuani, upande wa kushoto wa gauni lake, pametuna.

Nilijua papo hapo. Kutoka mlangoni mpaka alipokaa ni hatua nne. Sikwenda.

Wallahi sitasema uongo. Nilisimama pale nikaifikiria Fundo. Nikajiona natoka na mkoba begani, nafunga mlango kwa nje, na hakuna wa kuniuliza narudi saa ngapi. Nilimpenda mama yangu, nampenda, na bado fikra ile ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniumiza, utamu wake. Sijui ulipita muda gani, ila maji ya nywele yalikuwa yameshafanya dimbwi miguuni mwangu.

Kisha nikaruka. Nikaingiza mkono kifuani mwake, nikaichomoa ile simu ina joto lake, nikaitupa kitandani. Nikamlaza, nikampepea kwa ukawa wa kufunikia chakula, nikamsomea kila dua niliyoijua. Pumzi ikatulia. Rangi ikaanza kumrudi. Na mimi ndipo nilipoanza kugomba, nagomba huku nalia: "Mama, nimekwambia mara ngapi? Mara ngapi? Unataka kuniua?"

Hakukasirika. Akanyanyua ncha ya mtandio wake, akanifuta shavu.

"Umesimama sana pale mlangoni, mwanangu," akasema.

Simu ikalia kitandani. Alikuwa kaka, kaingiwa na wasiwasi kwa sababu maneno yalikatika ghafla. Nikaichukua, nikanyoosha mkono, nikamwonyesha mama.

"Mama, vipi? Umekuwaje?"

"Sijambo," mama akamjibu. "Kizunguzungu tu kilinipitia. Dada yako kaniwahi. Hata sikukaa, kashafika."

Kaka akasema alhamdulillahi, ndiyo maana yeye huko aliko analala usingizi. Mama akaanza kumuuliza habari za wajukuu, mmoja mmoja, na mimi nikaendelea kushika.