Usukani Uliomgomea Mama

Mwezi uliopita nilikwenda Chanika kuangalia kiwanja cha familia. Dereva aliyenipeleka alikuwa anageuza usukani kwa kidole kimoja huku akiongea na simu, nami nikakitazama kile kidole njia nzima. Maana hukohuko Chanika, nikiwa na miaka tisa, nilimwona mama yangu ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, mabega yamepanda hadi masikioni, na gari halitaki kukata kona. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa.

Mama alikuwa muuguzi kwenye zahanati. Gari lilikuwa la baba, foo-wili kuukuu lenye pua ndefu, limepakwa rangi ya kijani kwa brashi. Sie watoto tuliliita Kifaru. Barabara zetu zilikuwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kwa hiyo mjamzito akishikwa na uchungu kule mashambani, watu walikuja kwetu: "Sista, tusaidie gari." Baba alikuwa karani mjini, anaondoka na basi la alfajiri. Basi mama anaweka mto nyuma ya mgongo, anajifunga khanga juu ya gauni lake jeupe, anawasha.

Kazi yangu ilikuwa kuliosha kila Jumamosi kwa ndoo tatu za maji ya kisima, na kubandua tope kwenye magurudumu kwa kijiti. Ndani lilinukia dizeli, vumbi na mihogo mibichi, kwani kila familia iliyosaidiwa ilitupia chochote nyuma.

Baba naye alikuwa analalamikaga kwamba usukani umelegea, unaugeuza weee ndipo magurudumu yanaitika. Jumapili moja nilikuwa barazani nachagua mchele kwenye ungo, nikamwona amefungua boneti. Ameinama, spana mkono huu, bisibisi mkono ule. Anakaza kitu, anaujaribu usukani, anatabasamu, anarudi kukaza tena. Kisha akanawa, akaingia ndani kula wali na kisamvu. Hakumwambia mtu.

Kuanzia juma lile mama akaanza kusema gari limekuwa zito. Baba alikuwa na mikono ya mtu aliyebeba magunia ujanani. Akalizungusha mara moja uani, akashuka.

"Gari ni zima kabisa. Si la mwanamke tu, basi."

Fundi wa kwanza akaja, akajaza matairi upepo. Wa pili akapaka grisi kila alipoona vyuma vinakutana. Usukani ukabaki vilevile. Siku moja mama akakata kona karibu na shule, na usukani ukagoma kurudi. Kifaru kikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila mama alirudi kwa miguu, viatu mkononi. Gari lilipovutwa hadi nyumbani alitundika ufunguo ukutani na hakuugusa tena. Baba akaanza kutafuta mnunuzi.

Haikupita wiki mbili, mwanamke mmoja wa mashambani akaletwa kwa baiskeli. Alijifungulia njiani, ameshikiliwa na mawifi zake. Mtoto alikuwa salama, lakini yeye alipoteza damu nyingi akalazwa. Mama alirudi jioni ile, akakaa jikoni, hakula. Nilimtazama baba, baba akatazama sahani yake. Nilijua nilichokiona ile Jumapili. Lakini mtoto wa kwetu hakumsahihisha baba yake, nami nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata akaja jirani, mzee mstaafu aliyeendesha malori ya Songea miaka mingi. Baba alikuwepo. Mzee hakuligusa gari, alimwendea mama kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Hebu niambie, ukishakata kona, usukani unarudi wenyewe?"

"Haurudi. Mpaka niuvute."

"Na ukinyoosha barabarani?"

"Hapo ndo unakaba zaidi."

"Basi mikono yako haina kosa."

Katika watu wote waliolishika lile gari, ni yeye tu aliyemuuliza anayeliendesha.

Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua mbele kwa jeki. Usukani bado mzito, kwa hiyo matairi hayakuhusika. Akafungua chuma kinachounganisha usukani na magurudumu, akayasukuma magurudumu kwa mkono, yakayumba kama mlango. Akaugeuza usukani peke yake, ukafika katikati ukakaba.

"Ugonjwa uko humu," akasema, akigonga sanduku la gia za usukani. Akafuta vumbi kwa kitambaa. Palikuwa na skrubu moja inang'aa, nati yake imechubuka. "Hii imekazwa kupita kiasi. Na si zamani. Nani kaigusa?"

Mama akasema wale mafundi wawili hawakufika huko. Nikafungua mdomo. Mpaka leo sijui kama ningesema.

"Ni mie," baba akasema.

Mama akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilipoikaza nilidhani natengeneza. Nilikuja kujua gari lilipoingia mtaroni. Nikaona aibu."

Mzee akalegeza nati, akairudisha skrubu kidogo, akajaribu, akairudisha tena, hadi usukani ukapita katikati bila kukwama. "Ulegevu kidogo utabaki," akamwambia baba. "Uache hivyohivyo."

Gari lilipofungwa, mama aliingia ndani, akatoka na ufunguo na chupa ya uji. Akasema anakwenda kumwona yule mzazi hospitali. Baba akapanda nyuma bila kuambiwa, akaipakata ile chupa, nami nikajibana kando yake. Kwenye kona ya shule niliuona usukani ukirudi wenyewe, unateleza katikati ya viganja vya mama. Akavuta pumzi ndefu.

Mama aliliendesha miaka mingi baada ya hapo, mpaka chasisi ikaoza likauzwa chuma chakavu. Jirani alishafariki, nyumba yake sasa ni duka la saruji na nondo. Baba naye hayupo. Barabara ina lami, na wajawazito wanaita bajaji kwa simu.

Zamani, jioni, tulikuwa tunasikia gia ikibadilishwa kule kwenye kilima, tunabandika maji ya ugali, tunajua mama karibu atafika. Siku ile ya kiwanja nilisimama pale kando ya barabara saa nzima. Yalipita magari mengi, yote yakinguruma namna moja, na sikumtambua hata mmoja aliyekuwa anarudi kwao.