Mlinzi wa Mlango wa Choo

Juzi pale stendi ya Bariadi, choo cha wanawake kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo wanawake kwa wanaume tukapanga foleni moja kwenye choo cha wanaume. Mlango ulikuwepo, ila komeo lilikuwa limeng'oka.

Mama mmoja wa makamo, aliyeshuka kwenye basi la Maswa akiwa amejibana njia nzima, aliutazama ule mlango, akatutazama sisi, akasita. Nyuma yake alisimama mzee mwenye fimbo ya kuchungia ng'ombe.

"Ingia tu, mayu," mzee akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mlango nitaushika mimi."

"Nitajuaje kama bado umeushika, baba?"

Mzee akafikiri kidogo. "Nitaimba. Ukisikia kimya, piga kelele."

Mama akaingia. Mzee akaupa mlango mgongo, akaushikilia kwa nyuma, akaanzisha wimbo wa Kisukuma wa kulimia, kwa sauti iliyowanyamazisha hata wapiga debe. Kufika ubeti wa pili, foleni nzima tulikuwa tunaitikia na kupiga makofi.

Mama alitoka akicheka mpaka machozi. "Asante, baba. Sasa ingia wewe, niimbe mimi."

Rafiki yangu aliyekaa ughaibuni huniambia kwamba huko vyoo vya pamoja ni kawaida, na kuna nchi ambako milango haifiki chini, viatu vya jirani unaviona. Anasema kila mtu hujifanya hamwoni mwenzake. Sisi Bariadi hatukuweza kujifanya.

Zamu yangu ilipofika, niliwaomba waimbe wimbo mrefu.