Kamera ya Kuinamia

Kwa mwaka mmoja na nusu mama mkwe wangu hakukanyaga nyumbani kwetu Pasiansi, na kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana najitetea.

Mke wangu ni Msukuma wa Misungwi. Mimi ni mtu wa Mara, mtoto wa mwambao wa ziwa niliyekulia mjini, na mjini mambo mengi hupita bila kuulizwa. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaziani macho. Husalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, na kula pamoja ndiyo kabisa haifikiriwi. Nilikuwa nayajua yote hayo. Mshenga aliniambia, mke wangu aliniambia, shangazi zake wakaniambia tena kwa zamu. Halafu siku ya kipaimara cha shemeji yangu mdogo nikaenda na simu mpya, nikawa napiga picha kila kilichosogea. Nilizunguka nyuma ya turubai nikamkuta mama mkwe kaketi mkekani na wenzake, tonge liko mdomoni. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nikasogea mbele, nikapiga, na kabla sijafika kwenye kiti changu nilikuwa nimeshairusha picha ile kwenye kundi la familia.

Mama aliacha sahani, akaingia ndani, hakutoka mpaka nilipoondoka. Picha niliifuta, lakini ukoo mzima ulikuwa umeshaiona, na wengine walikuwa wameshacheka. Nikatuma mjumbe wa kuniombea radhi. Nikatuma kitenge, nikatuma na mbuzi. Kitenge kilipokelewa, mbuzi akaliwa, na jibu likarudi kwamba mama hana kinyongo na mtu. Ila kwetu hakuja, na mimi nilipokwenda kwao nilisalimia mlango uliofungwa.

Pengine tungezoea. Lakini mke wangu akashika mimba, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja na kuombewa, na akataka jambo moja tu: mama yake awe naye atakapojifungua. Dada zake walijitolea, akakataa. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu Misungwi, na kila Jumapili mama alimjibu kwa upole, "Tutaona, mwanangu." Akimaliza kuongea aliingia chumbani akafunga mlango. Hakunilaumu hata mara moja. Ningeona afadhali anitukane.

Ni katika miezi hiyo ndipo nilipoinunua kamera ya boksi. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga studio yake mjini alikuwa anauza vitu vyake, na akaniachia kwa bei ya samaki sato wawili wakubwa. Ni kisanduku cha bati kilichovikwa ngozi ya bandia, lenzi moja mbele, kichuma cha kupigia ubavuni, na ufunguo wa kuzungushia mkanda. Hakina betri wala cha kurekebisha. Zamani, kabla ya kompyuta kuingia hospitalini, nilifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha giza cha eksirei, nikisafisha picha za mifupa ya watu, na nadhani nilikuwa nimeikumbuka harufu ya dawa zile. Mke wangu alisema nimejitafutia mtoto wa kuchezea kabla wa kweli hajaja. Mkanda niliagiza Dar, ukaja kwa basi, nikaufuata stendi ya Nyegezi kama mtu anayepokea mgeni.

Mkanda mmoja una picha nane tu. Ukishapiga, lazima uzungushe ufunguo mpaka namba inayofuata itokee kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Ukisahau, kamera haikukumbushi. Inapiga picha ya pili juu ya ile ya kwanza na kuziacha zigombane. Mkanda wangu wa kwanza niliuharibu hivyo hivyo: mke wangu amesimama kwenye mawe ya ufukweni, na mtumbwi wa dagaa unapita katikati ya tumbo lake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Baba mkwe alipata habari za kamera hiyo, na yeye ni mtu wa ng'ombe. Akapiga simu kwamba nije niwapige picha maksai wake, maana picha za simu zinapotea na simu. Yeye alikuwa ameshanisamehe siku nyingi, pengine siku ileile ya mbuzi. Tukaenda Jumamosi, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba, amekaa kwa ubavu kwenye kiti cha gari na kushika dashibodi kila tulipofika kwenye tuta.

Ng'ombe hawasimami unavyotaka. Nilimpiga mzee na maksai wake mmoja mmoja, picha sita, jua likiwa mgongoni mwangu. Ya saba ilikuwa ya dume jeusi lenye pembe zilizopanuka kama usukani wa baiskeli, na mzee alilisifia mpaka likajisaidia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Nilijua nani yuko nyuma yake, kwa hiyo niliupa mgongo muda wote.

Nikasikia sauti ya mama ikisema kwa Kisukuma, na mke wangu akiangua kicheko.

"Mayu anauliza," mke wangu akaniambia, "huyo mtu anatazama nini tumboni kwake?"

Ni kweli ndivyo inavyoonekana. Kamera ya boksi haiinuliwi usoni. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, na unatazama kioo kidogo cha juu, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, ambamo dunia inaonekana imegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Mke wangu akaenda mlangoni kumweleza mama yake. Nilimsikia akieleza kirefu, na mama akiuliza tena na tena jambo lilelile, mpaka nikalielewa hata kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Alikuwa anauliza kama ni kweli mpigaji hamtazami mtu.

"Hatazami, mayu. Anainama hivi mwanzo mpaka mwisho."

Kisha nikasikia maji yakimwagwa, mtu akinawa. Mke wangu akarudi kwangu na kuninong'oneza, "Anataka apigwe. Usiharibu."

Alibeba kigoda mwenyewe, akakiweka mbali nami hatua tano hivi, ambazo ndizo kamera hii inazozitaka hasa. Niliinama kabla hajaketi. Kwenye kioo nikaona kitenge kinasogea, nikatambua kuwa ndicho kile nilichokituma. Nilitaka kusema shikamoo, nikaisema nikiwa nimeinama, nikiielekeza kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Marahaba," akajibu.

Lilikuwa neno la kwanza alilonipa tangu siku ya turubai. Nikajikuta nimesahau kila kitu ninachokijua kuhusu picha.

"Mwambie mama asogee kulia kidogo," nikamwambia mke wangu. Akasogea, akatoka kabisa kwenye kioo. "Samahani, kushoto." Akarudi. "Hapana, kulia." Baba mkwe, aliyekuwa amesimama pembeni na dume lake, akasema kama ningekuwa nachunga ng'ombe hao wangeshafika Shinyanga. Mama akacheka. Kicheko kifupi, kilichozibwa na mkono, lakini nilikisikia. Nikabonyeza.

Sasa hapa ndipo penyewe. Mama alisimama mara moja, akabeba kigoda chake, na mimi nikabaki nimeinama nikitazama miguu yake ikiondoka, nimejaa furaha ya kijinga. Mkono wangu nao ukawa unazungusha ufunguo, unazungusha tu, sitazami kidirisha, mpaka mkanda ukaisha wote. Ndipo nilipojiuliza: baada ya lile dume jeusi, je, nilizungusha?

Sikukumbuka. Mama alianza kuuliza maswali yake mara tu nilipolipiga dume. Kama nilizungusha, basi mama yuko peke yake kwenye picha ya nane. Kama sikuzungusha, yuko kwenye ya saba, amekalia kigoda, na pembe za dume zimetoka kichwani mwake. Na huku kwetu picha ya mama mtu mzima mwenye pembe si ya kuchekwa. Kuna wanawake walioitwa wachawi wakahama vijiji kwa maneno madogo kuliko hayo. Hata ningeichana, angetaka kujua picha yake iko wapi, na mimi nishaonyesha mara moja jinsi ninavyotunza heshima yake.

Tulipokuwa tunaaga, mama alisema neno kwa mke wangu pembeni ya gari. Mke wangu hakulitoa mpaka tulipofika lami.

"Amesema usimtumie mtu hiyo picha. Atakuja kuichukua mwenyewe."

Aliliona lile kama lilivyokuwa, mlango umefunguka, akaanza kulia na kuimba kwa pamoja. Mimi niliendesha. Nilimwambia habari ya ufunguo tukiwa tumebakiza kilomita chache, kwa sababu siri hainikai, na akaacha kuimba. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Wewe mwanaume, mkono wako huo."

Nilisafisha mkanda kesho yake mchana, bafuni, blanketi limepigiliwa dirishani na taulo limesokomezwa chini ya mlango. Mke wangu aliweka kiti nje ya mlango akaketi. Kila dakika mbili aliuliza, "Tayari?" nami nikamfokea kwamba dawa haiharakishwi, nikajuta, nikaomba radhi kupitia mlangoni. Mikono iliyosafisha maelfu ya mbavu na mapaja ya watu ilikuwa inamwaga maji nje ya ndoo.

Mkanda ukishatoka dawani, cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Niliufungua mlango, nikauinua ukiwa unachuruzika, tukausoma pamoja dhidi ya mwanga wa dirisha la jikoni. Mzee na maksai. Maksai bila mzee. Mzee bila kichwa, aniwie radhi. Nilipofika kwenye ya saba nilifumba macho, ni mke wangu aliyetazama.

"Dume," akasema. Kisha, "Dume tu! Peke yake!"

Na ya nane alikuwa mama. Nikaketi kwenye ukingo wa beseni la kufulia na kulowa suruali yote, nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kama mtoto amezaliwa. Nilikuwa nimezungusha. Mkono wangu ulifanya jambo la heshima na haukunitaarifu.

Mkanda wa kamera hii ni mkubwa, haulazimu mashine ya kukuzia. Unaulaza juu ya karatasi, unaumulika, basi. Jioni picha ilitokea polepole ndani ya trei. Kwanza kitenge, kisha mikono iliyofumbatana, kisha uso. Nilikuwa na hakika atakuwa ametazama pembeni, kwenye zizi au kwenye mihogo yake, ndivyo desturi inavyotaka. Hakutazama pembeni. Alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, bila haraka, kichwa kimeinama kidogo, na kona ya mdomo ina kicheko ambacho hakijaisha.

Nikamwita mke wangu. Hakushangaa.

"Alikutazama muda wote," akasema. "Ulikuwa umeinama. Miaka yote hiyo umemwoa binti yake, na yeye hajapata kukuona vizuri."

Hilo sikuwa nimelifikiri kamwe. Nilidhani desturi ile inanizuia mimi. Kumbe naye alikuwa upande wa pili, amemtoa mwanawe kwa mtu ambaye hajui hata macho yake yamekaaje, na nafasi ya kwanza ya kumchunguza ilipopatikana mtu huyo alikuwa anamkodolea simu akila. Nilitamani nirudi pale mkekani, niiweke simu mfukoni na kuondoka zangu taratibu.

Alikuja baada ya wiki tatu, kwa basi la asubuhi. Mke wangu na dada yake walimpokea Nyegezi, na mimi nikatokea mlango wa nyuma walipoingia wa mbele, nikakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba nikisikiliza. Nilisikia picha ikitolewa kwenye bahasha. Kisha nikamsikia mama akisema kitu kirefu, na hatua za mke wangu zikija mbio, mbio za mwanamke wa miezi minane, nikasimama nikiogopa.

"Hajasema kitu kuhusu picha," akasema, akihema. "Ameuliza atalala chumba gani."

Mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hilo nalo nilikuwa nimeshaambiwa na shangazi wote. Nikabeba godoro jembamba na mswaki, nikahamia kwa jirani wa ng'ambo ya ukuta, na nikakaa huko miezi miwili, mpaka binti yetu akazaliwa na kitovu kikadondoka na mama akaridhika na maziwa. Jirani alinionea huruma. Hakujua kwamba kila asubuhi, kabla sijaamka vizuri, nilisikia ukutani sauti ya yule mama akimgombeza mke wangu amalize uji wote, na mke wangu akijibu kwa kudeka kama mtoto, na kwamba sikuwa nimelala vizuri namna ile kwa mwaka mmoja na nusu.